Ushahidi wa Macho: Mhadhara juu ya Falsafa ya Maumbile



Falsafa ya maumbile ni elimu kongwe, na katika zama zake zote imekuwa ikiuliza masuali ya aina mbili. La kwanza linajulikana na kila mtu: vitu hivi tuvionavyo, maji na moto, jua na nyota, mimea na wanyama, asili yao ni nini, na vyaenda kwa kanuni gani? La pili halisikiki sana, nalo ndilo lililonileta mbele yenu jioni hii: sisi tunaouliza, ambao hatuna njia ya kuvifikia vitu hivyo ila kwa macho na masikio, kwa pua na ulimi na ngozi, twajuaje kwamba habari tunazoletewa na viungo hivyo ni habari za vitu vyenyewe, wala si habari za viungo vyetu?

Watu wengi hulipita suali hili bila ya kulitupia macho, kwa kuwa jicho limeumbwa lione, na kilichoonekana kimeonekana, basi. Wengine, na hawa aghalabu ni wasomi, hukimbilia upande wa pili wakadai kwamba hisia zote ni udanganyifu, kwamba kila mtu amebeba ulimwengu wake kichwani, wala hapana hakika ya kutafutwa nje yake. Mimi naona makundi yote mawili yamepotea njia, na yamepotea mahali pamoja, kwa sababu yote mawili hudhani kuwa kuona ni kupokea tu, ilhali kuona ni kuhukumu. Jicho ni shahidi na akili ni kadhi. Na kadhi mwema hamfukuzi shahidi kwa kuwa aliwahi kukosea, wala hamsadiki kwa kuwa ameapa, bali humhoji, akampambanisha na mashahidi wengine, ndipo akatoa hukumu. Nitayaonyesha haya kwa mifano, na mingi nitaitoa katika elimu ya mwanga na rangi, maana huko ndiko suala hili lilikochunguzwa kwa muda mrefu na kwa makini kuliko kwingine kote.

Wayunani wa kale walikhitilafiana sana juu ya jinsi tunavyoona. Euclid, bingwa wa hisabati, na baada yake Ptolemy, aliyefanya kazi Iskandaria katika karne ya 2, walishika kwamba jicho hutoa miale, na miale hiyo hunyooka mpaka ikakigusa kitu, na kwa mguso huo mtu akaona. Wale walioamini kuwa kila kitu kimefanywa kwa chembe zisizogawanyika walisema kinyume, kwamba vitu hutoa ngozi nyembamba za maumbo yao, zikaruka hewani hata zikaingia machoni. Aristotle aliyakataa yote mawili, akasema kwamba rangi ya kitu huigeuza hali ya hewa iliyo kati yake na mtazamaji, na mageuzi hayo ndiyo yalifikiayo jicho. Msiyadharau madhehebu haya. Lile la miale ya macho, ambalo leo mtoto wa shule angelikanusha, lilikuwa na nguvu kubwa ya hisabati, kwani kwa mistari iliyonyooka toka jichoni liliweza kueleza kwa nini kitu cha mbali huonekana kidogo na kwa nini taswira ya kioo hukaa mahali inapokaa. Upungufu wake ni kwamba hakuna aliyelitaka lijitetee mbele ya majaribio.

Mtu aliyelitaka lijitetee alikuwa Abu Ali al-Hasan ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kufariki Kairo yapata mwaka 1040. Wasimulizi wa zamani wanaeleza kwamba alijigamba kuwa angeweza kuyadhibiti maji ya Nile. Khalifa al-Hakim wa Kifatimi akamwita Misri aifanye kazi hiyo. Naye alipoupanda mto mpaka upande wa Aswan akaona haiwezekani, akaiogopa ghadhabu ya khalifa, akajitia wazimu, akazuiliwa nyumbani kwake mpaka al-Hakim alipotoweka mwaka 1021. Liwalo na liwe katika kisa hicho, kazi yake iliyobaki ni Kitab al-Manazir, kitabu cha majuzuu saba juu ya mwanga na kuona, ambacho kilitafsiriwa kwa Kilatini yapata mwaka 1200, kikapigwa chapa Basel mwaka 1572, na kikawa tegemeo la wanafalsafa wa Ulaya kwa karne nyingi.

Hoja yake ya kwanza ilikuwa ya wazi kabisa. Mwenye kulikazia macho jua huumia, na mwenye kutazama mwanga mkali kisha akageukia mahali penye giza hubaki akiiona alama ya mwanga ule kwa kitambo. Basi mwanga ndio unaolitenda jicho, wala si jicho linaloutenda mwanga. Kisha akapanga taa kadhaa, mbalimbali, mbele ya uwazi mdogo unaoingia mahali penye giza, akaona kila taa inatupa doa lake ukutani mkabala wa mahali ilipo. Alipoifunika taa moja, doa la taa ile peke yake likapotea, na alipoifunua likarejea palepale. Mianga yote ilikuwa imepita katika tundu moja bila ya kuchafuana, na kila mmoja umekwenda kwa njia yake iliyonyooka. Kwa jaribio ambalo yeyote kati yenu angeweza kulifanya usiku wa leo, mzozo wa zaidi ya miaka elfu ulipata ushahidi wa kukatia shauri.

Walakini lililo kubwa zaidi kwake, nami nasikitika kwamba hata wenye kumsifu hawalitaji, ni lile alilolisema baada ya mwanga kuingia jichoni. Alihesabu mambo 22 ambayo mtu huyapata kwa kuona, miongoni mwayo umbali, ukubwa, umbo, idadi, mwendo na utulivu, kukwaruza na kulainika, kivuli, giza, uzuri na ubaya, kufanana na kutofanana. Na akasema kwamba katika hayo yote ni mwanga na rangi tu vinavyotambulikana kwa hisi tupu. Yaliyobaki hupatikana kwa akili kupambanua, kupima na kukumbuka. Umbali hauingii jichoni. Kinachoingia ni mwanga, nayo akili huutoa umbali kwa kulinganisha kitu na vitu vilivyopangana kati yake na mtazamaji. Hukumu hizi, kwa kuwa tumezirudia tangu utotoni, zinapita kwa wepesi hata mwenyewe hajui kwamba amehukumu, akadhani ameona tu. Hata rangi yataka muda, akasema, akatoa ushahidi wa pia iliyopakwa rangi mbalimbali: ikizunguka kwa kasi huonyesha rangi moja iliyochanganyika, ambayo haimo katika rangi yoyote iliyopakwa. Mwaka 1867 mwanachuoni wa Kijerumani, Hermann von Helmholtz, alipoandika kwamba katika kuona mna hitimisho ambalo akili hulifikia pasipo mtu kulitambua, neno hilo Kairo lilikuwa limekwisha andikwa.

Wenye shaka na wajaribu hapa hapa walipoketi. Nyoosha mikono yote miwili mbele, vidole gumba vikiwa wima na vimekaribiana. Funga jicho la kushoto. Kwa jicho la kulia kikazie kidole gumba cha kushoto usikiache. Kisha kisogeze taratibu kile cha kulia kuelekea kulia. Kikifika kiasi cha shibiri moja, ncha yake itatoweka, na ukiendelea kukisogeza itarudi. Mahali hapo katika jicho ndipo mshipa wa fahamu unapotokea kwenda kwenye ubongo, hapana kitu cha kuupokea mwanga. Mfaransa Edme Mariotte ndiye aliyepagundua katika miaka ya 1660. La kustaajabisha si kwamba pengo lipo, bali kwamba katika umri wetu wote hatukuliona, kwa sababu akili hulijaza kwa rangi na michoro ya vitu vilivyolizunguka. Tukitazama kwa jicho moja, tunaapa kwamba tumeona ukuta mzima, na sehemu ya ukuta ule hatukuiona kamwe.

Sasa na tuutazame mfano mkubwa zaidi, ambao pwani hii imejaliwa kuuona vizuri kuliko nchi nyingi, maana bahari yetu iko mashariki. Mwezi wa kumi na nne huchomoza majini wakati wa magharibi, na kila aliyepata kukaa ufukoni Lamu au Bagamoyo saa ile ameuona ulivyo mkubwa, mzito, wa rangi ya shaba. Kisha saa sita za usiku akiinua uso huuona mdogo, mweupe, umekaa juu peke yake. Ukimuuliza atakwambia kwamba mwezi unapochomoza uko karibu, au kwamba mvuke wa bahari umeukuza. Hayo ya mvuke hata Ptolemy aliyanena. Lakini mwenye kupima hukuta jambo jingine: upana wa mwezi angani ni karibu nusu ya digrii, na ni huo huo ukiwa juu ya maji na ukiwa utosini. Ncha ya kidole cha mwisho, mkono ukiwa umenyooshwa kabisa, huufunika mara zote mbili. Bali hakika yenyewe imepindukia hapo. Kutoka katikati ya dunia mpaka mwezini ni kilomita 384,000 kwa wastani. Mwezi ukiwa utosini sisi tumesogea kuuelekea kwa kiasi cha nusu ya unene wa dunia, yaani yapata kilomita 6,400, basi huwa karibu zaidi na mkubwa zaidi kwa kitu kisichofika sehemu 2 katika 100. Macho yetu yanashuhudia kinyume cha yaliyopo.

Ibn al-Haytham alilieleza jambo hili katika juzuu la mwisho la kitabu chake, kwa mujibu wa kanuni yake ileile. Baina yetu na upeo wa bahari pana maji, mawimbi, pengine tanga la ngalawa na ncha ya mkoko, na vitu hivyo vilivyopangana huifanya akili ikadirie kuwa upeo uko mbali sana. Baina yetu na utosi hapana chochote, basi mbingu ya juu hukadiriwa kuwa karibu. Nuru iliyoingia jichoni ni ya kiasi kimoja mara zote mbili, lakini kilicho mbali na bado kikaonekana kwa kiasi hicho sharti kiwe kikubwa, ndivyo akili inavyohukumu, na kwa hukumu hiyo mwezi hupanuka. Wataalamu wa leo wangali wakibishana juu ya vipengele vya maelezo haya, wala mimi sitaki kuwaamua. Lakini kwamba ukuaji ule umo katika hukumu wala haumo katika mwezi, hilo halina mbishi. Nanyi mtazame mwezi unaochomoza kwa kupitia karatasi iliyoviringishwa, iliyoficha bahari na nchi, mtauona unasinyaa papo hapo.

Nataka mlizingatie jambo moja katika mfano huu, kwa kuwa ndilo linalonigusa sana. Mtu akishajua haya yote, akapima kwa mkono wake, akakubali kwa moyo wake, kesho yake mwezi utachomoza vilevile, mkubwa. Elimu haikuigeuza hisia. Ilichofanya ni kuiweka hisia mahali pake, ikampa mtu uwezo wa kusema: naona hivi, na najua kwamba sivyo. Uwezo huo wa kushika mambo mawili pamoja ndio ninaouona kuwa chanzo cha elimu yote ya maumbile.

Imamu Ghazali, ambaye jina lake lina heshima katika vyuo vyote vya mwambao wetu, aliliandika suala hili katika kitabu chake al-Munqidh min al-Dalal, akilieleza kama msiba uliompata yeye mwenyewe. Alikitazama kivuli akakiona kimetulia, kisha baada ya saa moja akatambua kwamba kilikuwa kikienda, kidogo kidogo, wala hakikusimama hata kitambo. Aliitazama nyota akaiona kama dinari, na hoja za hisabati zikamthibitishia kwamba ni kubwa kuliko dunia. Hapo akajiuliza: ikiwa akili imemkadhibisha shahidi wa macho, yawezekana kukawa na mwamuzi mwingine nyuma ya akili, ambaye akidhihiri ataikadhibisha nayo, kama vile mwenye kuamka anavyozikadhibisha ndoto zake? Akakaa katika maradhi ya shaka hiyo karibu miezi miwili. Na katika Tahafut al-Falasifa alilipeleka suala mbele zaidi, akasema kwamba tunapoona pamba imegusana na moto ikaungua, tulichokiona ni kuungua wakati wa kugusana. Kwamba kugusana ndiko kulikounguza, hilo macho hayakuliona. Ibn Rushd wa Kordoba alimjibu kwa ukali, kwamba mwenye kuondoa sababu ameiondoa akili yenyewe. Miaka mingi baadaye, mwaka 1739, Mskoti David Hume aliandika kwamba tunachokiita sababu ni mazoea ya akili iliyozoea kuona mambo mawili yakifuatana; na Immanuel Kant, aliyeshtushwa na maneno ya Hume, akatoa mwaka 1781 kitabu kilichodai kwamba mahali, wakati na sababu ni mipango ambayo akili huja nayo, ikavipangia humo vitu vyote vionekanavyo, wala vitu jinsi vilivyo katika dhati yao hatutavijua.

Namheshimu Kant kwa kuonyesha kwamba kadhi hakai kimya katika mahakama haya. Lakini wako waliomchukua wakamfikisha asikotaka kufika, wakasema kwamba maumbile ni kazi ya mawazo yetu tu. Hawa ningependa niwaonyeshe upinde wa mvua.

Upinde ule hauko mahali popote. Huwezi kuuendea ukaugusa, ukiukaribia huondoka, na watu wawili waliosimama bega kwa bega hawatazami upinde mmoja, kwani nuru inayomfikia huyu hutoka katika matone ya mvua mengine kabisa na yale yanayompelekea nuru yule. Jicho likiondoka, nao umeondoka. Je, ni kiini macho basi? Mwanzoni mwa karne ya 14, Kamal al-Din al-Farisi, aliyekuwa akikisherehesha kitabu cha Ibn al-Haytham huko Uajemi, alichukua tufe la kioo lililojazwa maji liwe badala ya tone la mvua, akaliweka katika chumba cha giza, akaufuata mwanga wa jua ulivyoingia na kupinda, ukarudishwa na ukuta wa ndani, ukatoka na kupinda tena, na rangi zikaonekana. Zama zizo hizo, na bila ya kujuana, mtawa mmoja wa Ujerumani, Theodoric wa Freiberg, alifika kulekule. Kwa njia hiyo tunajua leo kwamba upinde hukaa kila mara kwenye pembe ya digrii 42 kutoka upande unaokabili jua, na kwa hiyo hauwezi kuonekana na mtu aliyesimama chini jua likiwa limepanda kupita digrii 42. Ndiyo maana katika nchi zetu, ambako jua la adhuhuri hupanda juu zaidi ya hapo, upinde ni wa asubuhi na wa alasiri. Hapana ndoto yenye pembe ya digrii 42. Upinde haumo katika wingu peke yake, wala haumo katika jicho peke yake. Umo katika nisba ya jua, tone na mtazamaji, na nisba hiyo ina kanuni madhubuti isiyomngoja mtu aipende. Mimi nadhani sehemu kubwa ya maumbile tuyajuayo iko namna hiyo.

Nuru na rangi ziliwagawanya wakubwa wawili wa Ulaya. Isaac Newton, kwa barua aliyoipeleka mwaka 1672 kwenye Jumuiya ya Kifalme ya London, na kwa kitabu chake cha mwaka 1704, alionyesha kwamba mwanga mweupe ukipita katika mche wa kioo hutawanyika ukawa wa rangi nyingi, na kwamba kila rangi ina kiasi chake cha kupinda kisichobadilika. Johann Wolfgang von Goethe, mshairi mkuu wa Wajerumani, alimpinga kwa kitabu kizito cha mwaka 1810. Alikuwa ameutazama ukuta mweupe kwa mche wa kioo akitaraji kuona rangi, ukuta ukabaki mweupe, na rangi zikatokea mipakani tu, pale weupe ulipokutana na weusi; akatoa shauri kwamba Newton amekosea, na rangi huzaliwa kwa kukutana mwanga na giza. Katika jambo hilo ni Goethe aliyekosea, kwa kuwa katikati ya ukuta rangi zote hupandana zikarudi kuwa nyeupe, jambo ambalo kanuni ya Newton hulieleza bila taabu. Lakini Goethe aliona lile ambalo Newton hakulishughulikia sana. Aliweka mshumaa jioni juu ya karatasi nyeupe, akasimamisha kalamu kati ya mshumaa na mabaki ya mwanga wa mchana, na kivuli kilichotupwa na mshumaa kikawa cha buluu safi, ingawa hapakuwa na buluu karatasini. Jicho, akasema, lina kazi yake. Likipewa rangi moja huidai mwenzake. Newton mwenyewe alikuwa amekiri kwamba miale haina rangi, ina nguvu tu ya kuamsha rangi ndani yetu; alilisema kisha akaendelea na hesabu zake, na Goethe akasimama papo hapo akashangaa.

Mcheki Jan Purkyně, aliyemtunukia Goethe kitabu chake cha mwaka 1825, alitia katika kazi hiyo jambo ambalo kila mmoja wetu anaweza kulihakikisha mlangoni kwake. Utazameni mkrismasi uliochanua mwezi wa Desemba: mchana maua yake mekundu hung'aa kupita majani, jua likishatua na kiza kikianza kutanda, maua hugeuka kuwa meusi upesi, na majani yakabaki yana uangavu kidogo. Mti haukubadilika. Katika jicho mna vipokezi vya aina mbili, vya mchana na vya usiku. Vya usiku havina nguvu ya kuuona wekundu, na kila siku saa ya magharibi tunakabidhiwa kutoka kwa hivi kwenda kwa vile bila ya kuarifiwa.

Na ikiwa jicho moja hushuhudia kwa njia mbili, sembuse macho ya viumbe wengine? Mwaka 1914 mtafiti wa wanyama, Karl von Frisch, alithibitisha kwamba nyuki hutambua rangi: aliwazoeza kufuata maji ya sukari juu ya kadi ya buluu iliyochanganywa na kadi za kijivu za kila kiwango, nao hawakuikosa. Baadaye ikajulikana kwamba nyekundu kwao ni giza, lakini huona miale iliyopita zambarau, ambayo sisi hatuioni kamwe, na kwamba maua mengi tuyaonayo kuwa ya rangi moja yana kwa nyuki michoro inayomwelekeza kwenye nekta. Mtafiti mwingine, Jakob von Uexküll, alimchunguza kupe, mdudu ambaye wafugaji wetu wanamjua mno, akasema kwamba ulimwengu wake ni harufu ya jasho la mnyama, joto la damu na mguso wa manyoya, basi. Mengine yote yaliyojaa porini, kwake hayapo. Tukimhurumia kupe, na tuikumbuke ile miale ya nyuki.

Wengine watauliza: ikiwa sisi nasi tumefungwa katika hisia zetu, tumefaidi nini? Jibu langu ni kwamba tofauti yetu na kupe imo katika kujua kwamba tumefungwa, na katika kutafuta njia za kuzunguka. Miale isiyoonekana na jicho tumeijua kwa njia nyingine, tukajua na nyuki anaona nini. Zaidi ya hayo, hisia ya mtu hufundishika. Nahodha wa jahazi aliyelelewa baharini hutazama maji ambayo kwa mgeni ni maji tu, akaona pale penye weupe ni mchanga wa kina kifupi, pale penye hudhurungi ni mwamba, na pale penye buluu iliyokoza chombo chapita salama. Jicho lake na la mgeni ni la nyama ileile, lakini kumbukumbu iliyohudhuria kuhukumu si moja. Ndivyo alivyo tabibu mbele ya ngozi ya mgonjwa, ndivyo alivyo mkulima mbele ya jani lililoanza kupauka. Elimu hairekebishi makosa ya macho tu, huyaongezea yale yanayoweza kuonekana.

Kwa ajili hiyo nina ombi kwa walimu waliomo humu, na kwa wazazi wenye watoto shuleni. Tunawafundisha watoto wetu matokeo ya elimu ya maumbile, kwamba mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka, kwamba rangi nyeupe ina rangi nyingi, nao hukariri wakafaulu mtihani, na hawakupata hata mara moja kuhojiana na macho yao wenyewe. Wapeni nafasi hiyo. Waacheni waupime mwezi kwa kidole kabla ya kusoma upana wake, waandike walichokiona na walichokipima, na wabishane pale viwili hivyo visipopatana; na jina la Ibn al-Haytham walisikie mapema, kama wanavyolisikia la Newton. Jaribio lake la taa halihitaji maabara wala fedha ya serikali: taa tatu, ubao wenye tundu dogo, chumba kilichofungwa madirisha na ukuta uliopakwa chokaa vyatosha.